Kidonda Walichokiita Mkwaruzo

Kamina, Jumamosi jioni

Ngoie wangu,

Mambo ya sanduku tumeyamaliza mchana, sitayarudia hapa. Samaki wa Kinkondja nimemfunga mbali na vitabu vyako, na hayo yanatosha. Sasa nakusikia uani ukicheka na shangazi yako, mnachambua matembele, naye anakusimulia Lubumbashi kana kwamba mji mzima ni wake. Cheka tu. Lakini kuna jambo ambalo ni lazima ulijue kabla hujalala chini ya paa lake. Nikilisema kwa mdomo nitalia, na nikilia wewe utaacha kusikiliza na kuanza kunitafutia maji. Ndiyo maana naandika.

Kesho unaondoka na mtu aliyenisaliti. Tena nimemwita mimi mwenyewe aje akuchukue. Baba yako hakunishauri, wala ukoo haukunilazimisha. Ukishasoma yote utaona kwa nini, na labda utanikasirikia. Nikasirikie, bora uwe unajua.

Najua uliyoyasikia shuleni. Siku ile uliporudi na kola imechanika, uliniambia umeanguka, nami nikajifanya nimeamini. Walikuwa wamekuambia mama yako alikwenda Kusini kutembea, akarudi na hadithi ya moyo. Nilishona kola. Nilidhani nikikaa kimya uongo utachoka wenyewe. Haukuchoka, uliota mizizi kanisani na sokoni, na leo kuna watu wanaonisalimu kwa heshima zote huku macho yao yakicheka.

Basi nianze mwanzo. Nilipokuwa msichana kule Bukama magoti yalinivimba, yakapoa, vikafuata viwiko. Mama alinikanda kwa maji ya moto, tukasahau. Ugonjwa wenyewe haukusahau, ulipanda moyoni. Ndani ya moyo kuna milango midogo inayofunguka na kufungwa ili damu ipite upande mmoja tu. Mmoja wangu ulikakamaa. Nilipokuzaa wewe nilikuwa tayari sina pumzi, na miaka ya baadaye hata kuandika ubaoni kulinichosha, nikawa nafundisha nimekaa kama mgeni. Kisha wakaja wale madaktari wageni wa misheni, wakanisikiliza kifua, wakanipandisha kwenye ile ndege yao ndogo. Hilo unalikumbuka, ulinipungia kikwembe changu cha kujifunga, kile cha njano.

Kule Kusini daktari alinieleza, mkalimani akiwa katikati yetu, kwamba zamani walikuwa wanapasua mfupa wa kifua kutoka juu hadi chini. Yeye alikuwa amejifunza njia nyingine. Angepita ubavuni, chini ya titi la kulia, katikati ya mbavu, kwa kidonda cha urefu wa kidole changu cha kati. Angetoa mlango ulioharibika, aweke wa chuma. Alifurahi sana akinieleza, na mimi nikafurahi naye. Nilijiambia kwamba kidonda kidogo ni maumivu madogo. Hapo nilikosea, mwanangu. Njia iliyofupishwa ni ya ngozi peke yake. Huko ndani kazi ni ileile, moyo unasimamishwa uleule, mbavu zinasukumwa ziachie nafasi. Nilipoamka nilihisi kama mtu amesahau nyundo ubavuni mwangu. Kukohoa kulinitia hofu kuliko kufa. Walinipa mto niukumbatie kila nikikohoa, na kichezeo cha vijipira nivute pumzi vipande juu, nami mwalimu mzima nikashindwa na vijipira siku kadhaa.

Na kila asubuhi walikuja kunitazama. Daktari na wanafunzi wake wakajipanga kando ya kitanda, akafunua shuka, akaonyesha kwa kalamu jinsi kilivyo kidogo. Wakatikisa vichwa kwa kustaajabu, wengine vijana wa kuweza kuwa wanafunzi wangu. Sikuona aibu mwanzoni. Aibu ilikuja polepole, ikajaa. Siku ya kuondoka nilijiapia kwamba sasa mwili huu umetazamwa vya kutosha.

Nikarudi Kamina na masharti yangu. Nisiinue kitu kinachozidi birika la chai hadi mbavu zipone. Nimeze kila jioni kidonge cha kufanya damu iwe nyepesi, kwa sababu damu nzito ikigusa chuma inaganda. Nisile mboga za majani leo mlima na kesho kijiko, maana majani yanapigana na kidonge. Niambie wewe, mtu wa Kamina ataishije bila kupakuliwa mlima wa sombe, majani yetu ya muhogo? Nilipokuwa nikiomba kidogo kwenye karamu, walisema mwalimu amerudi na mdomo wa kizungu.

Shangazi yako Umba, dada mkubwa wa baba yako ambaye sisi humwita Yaya, alipanda treni kutoka Lubumbashi kuja kuniuguza. Hapa sitamdhulumu. Mkono wa kulia haukuinuka, sikuweza kujiosha. Kila asubuhi Umba alichemsha maji, akapima joto kwa kiwiko kama wanavyofanya kwa mtoto mchanga, akaniosha kuanzia kichwani hadi nyayo. Kidonda alikipitia kwa kitambaa safi, taratibu, huku akiongea mambo mengine kabisa, bei ya makaa, jirani yake mlevi, ili nisijikaze. Sijawahi kuguswa na mikono yenye adabu kama ile, hata ya mama yangu. Alikijua kidonda kile kuliko mimi, kwa kuwa mimi nilikiona kwenye kioo tu. Aliweka hata sikio kifuani, akasikia chuma kikigonga tik, tik, akacheka akasema nimemeza saa.

Sasa sikiliza desturi, kwa maana wewe ulikuwa mdogo na hukuingizwa chumbani. Wamama wa kanisa wakifunga na kukuombea ukiwa hospitali ya mbali, ukirudi mzima wana haki. Wanakuja pamoja, wazee wao wanaingia nawe ndani, unafungua, wanaona, wanaomba juu ya kidonda, wanatoka wakisema tumeona. Basi. Kuanzia hapo wewe ni wa kwao tena, na hakuna mtu wa kuuliza zaidi. Hawafanyi hivyo kwa umbeya. Walijinyima chakula kwa ajili yako, wanataka kuona Mungu alipita wapi.

Walikuja Jumapili baada ya ibada. Mama Kalenga, kiongozi wao, alikaa kwenye kiti cha baba yako, wengine kwenye mikeka. Baba yako alikaa karibu na mlango. Wakaimba, wakaomba, kisha Mama Kalenga akaniambia kwa upole twende ndani. Nikakataa. Nilisema kwamba mwili wangu umechoka kufunuliwa, wanisamehe, Yaya Umba ndiye aliyeniosha tangu nirudi, wamuulize yeye, ameona kila kitu. Nilidhani ni jibu zuri. Nilidhani mtu aliyeniosha ni shahidi bora kuliko mtu wa kuchungulia mara moja.

Umba alikuwa anatoka chumbani na beseni la maji aliyoniogeshea. Mama Kalenga akamuuliza. Umba akalitua beseni chini, akajifuta mikono kwenye kikwembe, akasema:

“Minyi sikuone kidonda ya muntu wa kupasuliwa moyo. Niliona mukwaruzo tu, sawa muti imemukwaruza.”

Wamama wakacheka. Walidhani anatania, na mimi nilidhani anatania, nikangoja aendelee. Hakuendelea. Aliokota beseni lake akaenda kumwaga maji. Kicheko kikakatika, wakaanza kutazamana. Ndipo Mama Kalenga akamgeukia baba yako.

“Kasongo, weye njo bwana yake. Unasema nini?”

Baba yako, Ngoie, alikuwa amekiona. Usiku niliorudi alikaa na taa kando yangu, akapima kidonda kwa kidole chake bila kukigusa, akalia. Alilia kwa furaha, na mimi nikampangusa machozi kwa mkono wa kushoto. Mtu huyo sasa aliangalia viatu vyake. Nikamngoja. Mwanamume kwetu hasemi habari za kifua cha mke wake mbele ya wamama, hilo nalijua, lakini angeweza kusema tu, ndiyo, alipasuliwa. Neno moja. Akasema:

“Yaya amesha sema.”

Hicho ndicho kilichonivunja. Maneno ya Umba yalinichoma, ila ya baba yako yaliniua pale pale nikiwa nimekaa wima. Umba ndiye aliyemlea walipofiwa na mama yao, ndiye aliyeuza maandazi kwa ajili yake hadi akapata kazi ya ukarani relini, na mbele ya dada huyo baba yako hajawahi kuwa mtu mzima. Najua sababu zote. Kuzijua hakujanisaidia kitu.

Ningeweza kusimama nikafungua blauzi. Ndiyo, unaweza kuniuliza. Ilibaki kazi ya vifungo vitatu tu. Lakini nilikuwa nimejaa hasira, nikaona kwamba nikifungua sasa nitakuwa nafungua kama mshitakiwa, si kama dada yao. Nikakaa. Mama Kalenga akaomba kwa kifupi, wakaondoka. Mmoja alidai alisikia chuma kikigonga wakati wa maombi, mwenzake alimjibu njiani kwamba nimeficha saa ndani ya sidiria. Nilipoambiwa hilo nilicheka mpaka mbavu zikaniadhibu, kisha nikalia.

Wiki ile wamama waliokuwa wananichotea maji wakaacha. Hakuna aliyetangaza, zamu zilisahaulika tu. Mtu mwenye mkwaruzo anaweza kubeba ndoo yake. Nilibeba mara moja, kidonda kikatoa maji, nikarudi kitandani. Baada ya hapo ulibeba wewe, kabla ya shule, na hukuuliza. Jina langu halikuitwa tena katika zamu ya kusoma Neno. Umba akapanda treni kurudi kwake, akaniaga vizuri, akaniachia hata kanga yake mpya. Sikumuuliza kitu.

Kisha vita vikarudi. Unavijua wewe mwenyewe, treni zilizojaa askari wakienda kaskazini, watu wa kando ya ziwa wakiingia mjini na baiskeli na magodoro, duka la dawa likibaki na vigae vya chupa. Vidonge vyangu vilikwisha. Nilijua maana yake. Siku moja mfanyakazi wa treni, mwenzake baba yako, akaleta kifurushi kilichoshonwa kwa kitambaa. Vidonge. Havikuwa na barua wala salamu, lakini mshono niliujua. Tangu siku hiyo kila mwezi treni ikipita, Umba ananitumia. Askari wamepekua treni ile mara nyingi, reli imekatwa, imeungwa, na kifurushi hufika, kikichelewa hufika.

Nataka unielewe hapa, kwa kuwa watu watakuambia mama yako hana shukrani. Ninashukuru. Niko hai kwa mkono wake. Lakini kila kifurushi kinanikasirisha upya. Hakuna anayehangaika hivyo kwa ajili ya mkwaruzo. Kumbe anajua, anajua kila mwezi, na ushahidi huo ananipa mimi peke yangu, gizani, mimi nisiyeuhitaji. Wale waliouhitaji aliwanyima.

Mwaka huu ni wewe. Goti la kushoto kwanza, kisha la kulia, kisha kifundo cha mkono. Nilipoona uvimbe unahama nilikaa chini sakafuni. Daktari wetu wa hapa alikusikiliza kifua muda mrefu, akanitazama juu ya miwani. “Iko souffle,” akasema. Nikaomba aniambie jina lingine la kitu hicho, kana kwamba lingepungua uzito. Ni upepo unaosikika mlango wa moyo usipofunga sawasawa. Bado ni mdogo. Kuna sindano ya kila mwezi ya kuuzuia usiendelee, chungu sana, hadi utakapokuwa mtu mzima. Hapa Kamina haipatikani tena. Lubumbashi ipo, na nyumba ya Umba iko barabara moja na hospitali.

Baba yako alitaja majina ya watu wengine, wajomba, binamu, rafiki wa kanisa. Alidhani ananihurumia. Nikawafikiria mmoja mmoja. Watu wazuri, wenye maneno mazuri. Kisha nikajiuliza ni nani kati yao atakayekumbuka siku ya sindano askari wakiwa barabarani. Nikaenda mwenyewe kwenye foni ya misheni, ile simu ya redio, nikapiga kelele ndani ya kile chombo mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni, nikamwambia Umba kwamba mtoto ana ugonjwa wangu. Akajibu, “Ninakuya mu treni ya kwanza. Usimupe muntu mwengine.”

Jana ulipokwenda kuwaaga wenzako nilimuuliza. Nilikuwa nimebeba swali hilo muda wote huu na nilifikiri litatoka kwa kelele, likatoka kama nauliza chumvi. Kwa nini, Yaya. Hakujifanya hajaelewa. Alikuwa anasonga bukari, akaendelea kusonga.

“Ulikaa pa kiti,” akasema. “Minyi nilikuwa na maji yako mu mikono. Ukabaambia bamuulize Umba, sawa munaita boyi alete kiatu. Hukuniita hata jina na kuniuliza. Nikajikuta nimesema. Kiisha kusema, nikasikia haya ya kurudisha neno.”

Nikamwambia kwamba ningeombwa radhi siku ile jioni ningesamehe. Akasema haya ilizidi kukua. Nikamwomba basi, kabla ya treni ya kesho, apite kwa Mama Kalenga aseme alichokiona. Akapakua bukari, akailainisha mgongo kwa kijiko chenye maji.

“Leo? Batasema niliongopa. Mambo iliisha pita, muke wa ndugu yangu.”

Kwangu hayajapita. Nilimwambia hivyo, tukala. Ulituona tukila sahani moja, ukadhani tumepatana.

Sikupatana naye, wala sijapatana na baba yako. Uliniuliza siku moja kwa nini namjibu kwa maneno machache kama mtu wa kupiga telegramu. Ni kwa sababu nina mengi. Bado nampenda, hilo ndilo baya lake. Angekuwa mtu baki ningeshamsahau. Kesho atakubebea sanduku hadi gare ya treni, atakukumbatia, na atakuwa mkweli kabisa. Mkumbatie vizuri. Hajakukosea wewe.

Kwa hiyo nenda na Umba. Mpe mwili wako bila hofu, nakuambia mimi. Akikuamsha kwenda kwenye sindano, amka. Akikuosha ukiwa na homa, mwachie. Atakulinda kuliko ninavyoweza kukulinda kutoka hapa. Ila usimpe neno lako akuwekee. Usimwache akusemee kwa watu, kwa wazuri wala kwa wabaya, na usimtume mahali ambapo miguu yako inaweza kufika. Akichoka, mwulize. Akikupikia, mwite jina. Sisemi hivi ili kumtetea. Nilikosa adabu kidogo siku moja, yeye akanilipa kwa maisha yangu yote ya hapa mjini, na hayo mawili hayalingani.

Huenda sindano zitatosha. Naziombea zitoshe, naziombea kuliko ninavyoombea vita viishe. Lakini zisipotosha, na siku moja na wewe ukapasuliwa, kwa kidonda kidogo au kikubwa, ukarudi Kamina na wamama wakaja kukaa kwenye mikeka yetu, watataka kuona. Usikatae. Usiseme wamuulize shangazi yako, wala baba yako, wala mimi. Ingia nao chumbani, fungua vifungo mwenyewe, waone.

Nami nitaingia nyuma yako, nikae kando yako kitandani, nifungue vyangu.

Mama yako